Binti wa Langoni

Majengo, Nyeri
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada Zaituni,

Shikamoo. Najua marahaba ya safari hii huenda isije, na sitakulaumu. Naamkia hivyo hivyo, maana wewe ndiye uliyenifunza kwamba mkubwa huamkiwa kwanza hata kama mmekosana. Goti lako ulilolilalamikia kwa baridi ya huku limepata nafuu huko kwenye joto la Taveta? Na migomba ya bondeni, upepo uliiacha? Mimi mwili ni mzima. Mke wangu Mariamu alijifungua salama siku nne baada ya wewe kuondoka, mtoto wa kike. Nitafika kwa mtoto.

Barua hii isome mwenyewe, Dada. Usimpe yule binti wa jirani akusomee, hata kama miwani imepotea tena. Utaona kwa nini.

Ulipoondoka alfajiri ile hukuniaga. Fundi Yusufu, yule mshonaji wa mlango wa pili, ndiye aliyekuona stendi umekaa juu ya mzigo wako ukingoja basi la kwanza la kupitia Sagana. Alidhani nimekusindikiza nikarudi. Nikamwambia ndiyo, nimemsindikiza. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili katika siku mbili. Wa kwanza unaujua, uliusikia umekaa benchi la tatu.

Acha nikueleze mambo yalivyoanza. Sijitetei, sina cha kujitetea, lakini sitaki ufikiri kwamba nilikaa chini nikapanga.

Unajua kazi yangu ya siku zote ni kiwanda cha mbao. Ya sinema ni ya Jumamosi mchana tu. Ukumbi ule wazungu walikuwa wakichezea dansi kabla ya uhuru, na sasa tajiri mmoja wa hapa amenunua mashine na anakodi filamu Nairobi. Za Kichina ndizo zinazojaza watu. Shida ni kwamba Wachina wanasema Kichina, na yale maandishi ya Kiingereza ya chini yanapita mbio, tena vichwa vya watu wa mbele vinayaziba. Basi tajiri akatafuta mtu wa kusimama kando ya kitambaa aeleze. Siku moja alinisikia nikibishana na mtu sokoni, akasema Kiswahili changu kimenyooka, si kama chao cha huku. Akaniuliza kama najua Kichina. Nikamwambia, kidogo. Dada, mimi Kichina sijui hata salamu.

Miezi mingi haikunisumbua. Filamu za ngumi hazina kazi: huyu kamwulia huyu mwalimu wake, huyu anapanda mlimani kujifunza, anarudi, wanapigana, mbaya anakufa, watu wanakwenda kwao. Hii ya juzi ndiyo ilikuwa ngumu. Ilikuwa ya zamani, ya nyakati za wafalme wao, na yenyewe ni fumbo. Hakimu mzee analishwa sumu kidogo kidogo nyumbani kwake, na hujui mkono ni wa nani. Mwanawe wa kiume yuko mbali, anapata habari, anaapa kulipiza kisasi. Filamu ilikuja na mikebe minne, tajiri akaamua kuonyesha mkebe mmoja kila Jumamosi ili watu warudi. Kuniwashia mimi kwanza niione alikataa, ati taa ya mashine ni ghali. Kwa hiyo nilikuwa naieleza huku nami naiona mara ya kwanza, sawa na wao.

Mji wote ukaingia katika kesi ile. Ndiritu, mwenye bucha mkabala na ukumbi, alikuwa akikata nyama na kuhukumu. Kwake kosa lilianza na chai. Chai haina maziwa, hiyo yenyewe si sumu ni nini? Fundi Yusufu akasema tuwaangalie wenye mikono mirefu ya nguo, kwa sababu hakuna mshonaji anayepoteza kitambaa kiasi kile bure, mle ndani kuna kitu. Mama Wambui, yule anayeuza viazi, alimkasirikia mwana wa kiume. Aliuliza kwa nini asiende kwa chifu akaandikisha kesi, na hao kuku wa baba yake nani anawalisha yeye akizunguka na upanga. Tulicheka sana. Halafu akasema jambo moja ambalo lilibaki na watu. Akasema tusiangalie nani anatoka na kikombe, tuangalie nani halii.

Na aliyekuwa halii ni binti wa hakimu. Wengine wote walijitupa chini na kugaagaa, yeye alikaa kando ya kitanda akimpangusa mzee, macho makavu. Wiki nzima niliulizwa njiani, kiwandani, hata msikitini: mbona halii? Nilisema subirini mkebe wa pili, kana kwamba nilikuwa najua.

Mkebe wa pili ukawekwa. Mzee yuko kitandani, midomo inacheza. Mwanamke amejifunika shali anafika langoni, barafu inaanguka. Binti anatoka, anamwambia maneno mawili, anafunga lango. Picha ikakaa pale pale, lango na barafu, muda mrefu. Ukumbi wote ukanigeukia. Wee Hamisi, amesema nini?

Mimi nilikuwa naliona lango letu, Dada. Mdomo ukaenda wenyewe. Nikawaambia yule mwanamke ni mama yake binti, mzee alimpa talaka akamfukuza, na sasa yuko kufani anataka amwombe msamaha. Binti amemwambia mama yake kwamba mzee hataki kumwona. Na moyoni mwake, nikasema, binti anasema: acha aende nalo kaburini.

Hayo ni maneno yako. Uliniambia jikoni usiku ule kabla sijaja huku, unachambua mchele, baada ya kukaa nayo karibu miaka ishirini. Kwamba baba alimwita mama siku saba, na mama alipofika kwa miguu yake ukamrudisha, kwa sababu ulitaka baba afe bila kusamehewa. Kwamba mama alikufa kwao Mwatate bila kujua kuwa aliitwa. Uliniambia hakuna mwingine anayejua, ukaniomba nihifadhi siri. Nilihifadhi miaka mitano, kisha nikaitoa Jumamosi moja kwa sababu watu walikuwa wamenyamaza na mimi sikupenda kunyamaziwa.

Na walivyoipenda! Nilikunywa chai ya bure wiki nzima. Niliona aibu kidogo siku ya kwanza, siku ya tatu nilikuwa nimeshazoea.

Ndipo ukaja wewe, kumngojea Mariamu ajifungue. Na mimi mwenyewe ndiye niliyekualika ukumbini, hilo usinisaidie kulisahau. Nilitaka uone ndugu yako anavyosikilizwa. Uliketi na leso yako kichwani ubavuni mwa Mama Wambui. Kabla ya mkebe wa tatu watu waliomba niwakumbushe ya nyuma, kama kawaida. Ningeweza kulipita lango kwa sentensi moja. Nikajiambia China ni mbali, Dada hatajua. Nikaisimulia, na nikaisimulia vizuri kuliko mara ya kwanza. Hata sauti nilimpa yule binti, na sauti yenyewe ilikuwa yako.

Ndiritu akasimama. "Huyo msichana ako na roho mbaya kushinda mwenye sumu," akasema. "Mwenye sumu ameua mtu mara moja. Huyu ameua mzee na bado hajakufa." Wakampigia makofi. Mwingine nyuma akasema ndugu yake akirudi na upanga aanzie kwake.

Kisha ukasimama wewe, ambaye hujawahi kusema mbele ya wanaume hata kwenye mazishi. Ukauliza, "Huyo binti ana miaka mingapi?"

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Najua, kwa sababu mimi nilikuwa na saba na wewe ulinipita sita. Nilitazama ukutani nikajibu, "Ni mtu mzima, mama. Anajua anachofanya."

Nilikuita mama, kama mtu nisiyemjua. Ulimi haukuteleza, Dada. Niliogopa wale wasiokujua wajue u dada yangu. Uliketi, ukakaa mpaka mwisho kwa adabu yako, nyumbani ukapika, ukamwuliza Mariamu habari ya miguu yake kuvimba. Mimi hukuniambia kitu. Nami nikalala nikidhani yameisha. Hata kwa usingizi ule naona haya.

Jumamosi iliyofuata ulikuwa mkebe wa mwisho. Nilisimama kando ya kitambaa sijui nitasema nini, na filamu yenyewe ikanimaliza. Yule mwanamke wa langoni alivua shali, na kumbe ndiye mtia sumu. Kichupa kilikuwa ndani ya mkono wa nguo, Fundi Yusufu akainuka akapokea pongezi. Binti alikuwa amemjua tangu mwanzo. Lango alilifunga ili kumlinda baba yake, na kutolia ni ili adui asijue kwamba amegunduliwa. Ndugu yake akaja na upanga, akapiga magoti mbele yake. Hata asiyejua neno la Kichina alielewa.

Walinigeukia wote. Nikakiri pale pale kwamba Kichina sijui, kwamba ya mama na ya msamaha nilitunga. Ndiritu alicheka kwanza, halafu akakasirika kweli kweli. Wiki mbili amekuwa akimtukana yule msichana mbele ya wateja, kumbe hana kosa. Aliniambia nimemfanya amtukane mtoto wa watu bure. Nilitaka kumwambia hajui amesema kweli kiasi gani.

Lakini Mama Wambui hakupiga kelele. Alingoja wanyamaze, akasema, "Yule msichana wako hakuwa kwa filamu. Ulimtoa wapi?" Na alipouliza aliangalia pale kwenye benchi ulipokuwa umekaa. Niliweka chini kijiti changu cha kuonyeshea nikatoka. Tajiri ameshapata mwingine, na mimi sikurudi.

Kesho yake Mama Wambui alikuja nyumbani na viazi vya mzazi. Aliniagiza nikuambie kwamba mlikaa bega kwa bega, na yeye hakupiga makofi. Nimekufikishia.

Sasa mtoto. Siku ya saba imepita na hana jina, tunamwita mtoto tu. Mariamu anataka aitwe Zaituni. Nimekataa mpaka wewe mwenyewe useme, maana nimeshachukua kitu chako kimoja bila kuuliza. Mariamu hajui kwa nini nakataa, anadhani sikupendi. Ananuna, na ana haki. Alikutegemea sana. Majirani walimsaidia, lakini kila mlango ukilia anageuka.

Nisalimie Mjomba Saidi, ndugu yake mama, mwambie dawa ya macho nimeiona kwa duka la dawa hapa na nitaituma. Nisalimie Shangazi Bi Tatu aliyetulisha ule mwaka wa kwanza baada ya baba kufa, na mumewe. Mwambie yule binti wa jirani anayekusomea barua kwamba hii haikuwa yake, asikasirike.

Dada, salamu nimemaliza na bado sijasema nililotaka kusema. Nimezunguka kurasa nne.

Siku mama alipokuja, wewe ulikuwa langoni, mimi nilikuwa ndani na baba nikimfukuzia nzi. Mama alikohoa. Baba alisikia. Alinishika mkono, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akaniuliza, "Hamisi, ni mama yako huyo?"

Nilikuwa nimeshamwona dirishani. Nilimwona leso yake, na jinsi alivyosimama na mzigo kichwani hajaambiwa autue. Alikuwa ameondoka kwetu bila kuniaga, na nilikuwa na hasira naye. Nikamwambia baba, "Hapana, ni muuza maziwa." Baba akaniachia mkono, akageukia ukuta.

Sauti alikuwa nayo bado. Ningesema ndiyo, angeita, na mama angesikia, na lango lako lisingefaa kitu. Wewe ulimjibu mama, mimi nilimjibu baba. Usiku ule jikoni ulipolia ningekuambia. Badala yake nilikushika bega nikakufariji, kama mtu mwema, nikakuacha na mzigo wote. Kisha nikaenda nikawapa watu waupige makofi.

Ukiamua usinijibu tena, nitapokea. Lakini usiendelee hata siku moja kuamini kwamba ulikuwa peke yako.

Mimi mdogo wako,
Hamisi