Magadi Kichwani

Korbesa, Isiolo

Mama mpendwa,

Habari ya hapo nyumbani? Goti lako likoje, na ile ng'ombe ya madoa imezaa ama bado inatuzungusha? Mimi ni mzima kutoka nyusi kwenda chini. Mambo ya juu ya nyusi ndiyo yamenifanya niandike, kwa sababu kwa simu ungenicheka kabla sijamaliza. Barua hii anakuletea Wairimu mwenyewe.

Mama, nywele zimeniacha. Zilianza kurudi nyuma pole pole nilipoletwa huku kuwa afisa wa mifugo, na sasa katikati kumebaki kiwanja. Nililaumu maji ya chumvi ya kisima. Nikalaumu kinyozi. Mwishowe nikanunua kofia, na kila picha niliyomtumia Wairimu tangu tuchumbiane nilikuwa nayo kichwani. Niliogopa, Mama. Msichana amekubali kijana, halafu aletewe mzee?

Huku nako mambo yakazidi. Siku moja nilivua kofia nijipangushe jasho, wazee waliokuwa wanaamua kesi ya ngamia wakanisogezea kigoda nikae katikati yao. Mimi wa miaka ishirini na tisa! Nikasema hapana, lazima nitafute dawa.

Sasa sikia ujinga wa mtu aliyesoma. Ngamia akikosa chumvi, manyoya yake yanaharibika. Tukimpa magadi, anang'aa tena. Nikajiuliza, kwani mimi nina tofauti gani? Nikasaga magadi, nikachanganya na samli, nikawa napaka kila asubuhi chini ya kofia. Nywele? Wapi! Kichwa kiliwasha mpaka nikakimbilia kwa daktari Isiolo mjini.

Daktari alicheka kwanza. Kisha akaniambia upara wangu ni wa kurithi, wa upande wa baba ama wa mama ama pande zote mbili. Homoni ya kiume hufanya mashina ya nywele yasinyae kidogo kidogo. "Si maji, si kofia, na dawa yake si ya ngamia." Iko dawa ya kupaka, inasaidia wengine, lakini inataka miezi, na ukiiacha, zilizorudi zinaondoka tena. Ya kumeza iko pia, ila ina madhara yake, mtu asijinunulie ovyo. "Ama unyoe zote, uendelee na maisha." Magadi alinikataza kabisa.

Lakini Mama, kopo lilikuwa na nusu bado, na wewe ulinifundisha nisitupe samli.

Wiki hiyo Wairimu akaja kunitembelea. Nikampeleka kisimani aone ninavyochanja ngamia wa Mzee Guyo, jirani yangu. Jike moja kubwa likanusa magadi. Kofia ilienda, ulimi ukaja! Likaanza kunilamba utosi mbele ya watu wote.

"Tulia, Kamau!" Mzee Guyo akapiga kelele. "Ukikimbia itakufuata!"

Wairimu alikuwa ameketi chini, ameshika tumbo kwa kicheko. Nikafunika kichwa na mikono. "Nilitaka kukuambia," nikasema.

"Kuniambia nini?" Akapangusa machozi. "Mama yako alinionyesha picha ya baba yako bila kofia, siku ya kwanza nilipokuja kwenu. Akaniambia niitazame vizuri, ndiye nitakayezeeka naye. Nikatazama, nikakubali."

Mama! Kumbe ulijua! Miaka yote uliniambia Baba alivaa kofia kwa sababu ya baridi, na mimi nikaamini.

Wairimu ameninyoa mwenyewe, zote. Dawa ya daktari nimeiacha kwanza. Msalimie shangazi anayekuangalia goti, na dada yangu Nyambura. Mdogo wangu Njoroge, anayejivunia nywele zake, mwambie akiona mwenzake ananyolewa, yeye atie maji.

Sijakasirika, Mama. Nilikuwa darasa la pili tulipomzika Baba, na nikimkumbuka naona kofia tu. Hiyo picha mpe Wairimu arudi nayo. Nataka kumwona.

Ni mimi mtoto wako, sasa bila kofia,
Kamau