Kisanduku cha Tarehe cha Furaha

Rubondo, Jumanne

Kwako, nafsi yangu mheshimiwa. Ninaandika kuhusu tovuti ambayo binti yangu Furaha anaitengeneza kwa ajili ya kazi yangu ya kuwaandikia watu barua za maombi.

Nilimkataza kutumia vipande vya programu vilivyoundwa na wengine. Leo, huko Mbarara, alipachika kisanduku cha tarehe kilicho tayari ndani ya mfumo wake. Nilijaza kwenye simu yangu hapa Rubondo, tarehe haikufika kwenye ombi. Nilifurahi kuona nilikuwa sahihi, nakiri. Nikampigia.

“Papa, kisanduku iko inaongea. Ukurasa ndiyo haikuwa inasikiliza!”

Akaongeza mstari mmoja tu wa kuufanya ukurasa upokee, nikajaza tena, tarehe ikafika, safi kabisa. Nilistaajabu.

Nikamkumbuka mteja wangu, Mama Riziki: alikosa miadi ya hospitali kwa sababu tarehe niliyoandika kwa mkono haikusomeka.

Naomba uamuzi kabla ya asubuhi: maombi yahamie kwenye tovuti ya Furaha, au yabaki mkononi mwangu?