Siku Nilipomjibia Nekesa

Sasa Akinyi wangu,

Huku Mashimoni tuko sawa, na mamako amepona ile homa. Umeniuliza kama ni kweli watu wasiosoma hawajali mazingira, vile mwalimu wenu huko Eldoret anasema.

Nilipokuwa msichana, mama mmoja alikuja hapa na karatasi za maswali kama hayo. Jirani yetu Nekesa, ambaye hakuwahi kuingia darasani, alikuwa ameinama akizibua mtaro. Yule mama alipotaka kumwuliza, nilisema, "Huyo hajasoma. Mambo ya mazingira atayajulia wapi? Niulize mimi."

Nikajibu yote kwa Kiswahili cha shule. Nekesa aliendelea kutoa taka mtaroni, na nyingi nilikuwa nimezitupa mimi asubuhi hiyo.

Alihama kabla sijamwomba msamaha. Barua yako ilipofika nilishikwa na aibu, nikamfuata Kawangware anakokaa siku hizi.

"Hayo nimesahau, dadangu," alisema, akinimiminia chai. Lakini hakuniangalia machoni.

Ukija Disemba nitakupeleka kwake umwulize swali lako. Mimi nitakaa kimya.

Ni mimi shosho wako, bibi yako anayekupenda.