Ukija Usibebe Sukari

Mpendwa binti yangu Akinyi,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani Uriri. Baba yako anakusalimu, mgongo umemwachilia kidogo. Ndugu yako Odhiambo anakusalimu, ameota ndevu tatu na anazinyoa kila Jumapili. Dana, nyanya yako, anakusalimu na anasema umekonda, ingawa hajakuona. Kuku wanakusalimu, isipokuwa yule mwekundu, tulimla Pasaka. Paka wako Karani anakusalimu. Mimi ni mzima, hofu ni kwako tu.

Sasa kaa chini. Katika barua zote za mwaka huu nilikuandikia Karani ni mzima. Nilikudanganya, mtoto wangu. Ulikuwa na mitihani.

Unakumbuka ulivyomleta kutoka posho mill, kule tunakosaga unga, ndani ya sweta ya shule, mdogo kama panya? Ukamwita Karani kwa sababu alilalia vitabu vyako na hakuna mtu angevifungua. Asubuhi ulichovya mandazi kwenye chai, naye akangoja kipande chake. Nikasema paka hanywi chai. Ukanijibu, "Huyu ni mtu wa ofisi, mama."

Basi ulipoondoka akaanza kunywa maji kama ng'ombe, na bado anakonda. Halafu nikaona sisimizi wamejaa pale anapokojoa, kwenye mchanga nyuma ya jiko. Na hivyo ndivyo tulivyojua Dana ana sukari. Nikamtia kwenye kikapu mpaka Homa Bay kwa daktari wa mifugo. Njiani mama mmoja akaniuliza kuku wangu mbona analia hivyo.

Daktari akapima, akasema ni sukari kweli. Sindano asubuhi na jioni, chai na ugali hapana, samaki tu. Akanipa nyanya ya sokoni nijifunzie kudunga. Nilidunga mpaka ile nyanya ikatoa machozi. Kufika nyumbani nikamwambia Dana, "Leo nimefundishwa kudunga nyanya." Akavuta kiti nyuma. "Mama Akinyi, mimi niliandikiwa vidonge. Usinisogelee." Tulicheka mpaka baba yako akaja kuangalia kuna nini.

Dawa niliiweka ndani ya chungu, kwenye mchanga uliolowa maji, ipate baridi. Nilidunga bila kukosa, lakini sisimizi hawakuondoka. Kumbe siku moja naingia ghafla, namkuta Dana na chai ya sukari tele, anachovya mandazi, kipande chake, kipande cha Karani. Akasema, "Mgonjwa hali peke yake." Nikalia, Akinyi. Nikamwambia, "Mkiniacha nyinyi wawili, huyo mtoto nitamwambia nini?" Kisha akanipa kikopo cha sukari kwa mikono miwili.

Tangu hapo wanakula omena, wale dagaa wa ziwani, pamoja kama mayatima. Asubuhi moja Karani akayumba kama mlevi, nikampaka asali kwenye fizi nilivyoagizwa, nikakimbia naye tena Homa Bay. Daktari akapima mara mbili. Akasema sukari imeshuka, tupunguze dawa. Nikarudi, nikarudi tena, mwisho akasema tuache kwanza, tuchunge. Leo ni wiki ya tatu bila sindano. Kila asubuhi kabla sijaosha uso naenda kuangalia ule mchanga. Hakuna sisimizi hata mmoja. Jana Karani alipanda mabati kufukuza kunguru, nikasimama uani nikimpigia makofi kama mwendawazimu. Hata Dana walimpima kliniki, wakamsifu. Anasema amefundishwa na karani.

Sasa, najua mtoto harudi kwao bila sukari mkononi. Wewe ukija usibebe. Leta sabuni na majani ya chai. Kile kikopo siku hizi kina vifungo vya shati.

Jibu upesi, hata mistari miwili, nijue hujanikasirikia. Niambie na unakula nini huko. Na usicheke, lakini ukienda choo uangalie chini kama kuna sisimizi.

Ni mimi mama yako, ambaye sasa hadanganyi.