Mama, Kibanda Chako Wamekiita cha Magendo

Mama,

Huku Kisumu Ndogo tunakwenda tu. Nyumba imekuwa kubwa, na leso zako bado zinanukia udi. Sijathubutu kuzifua.

Arobaini yako ilipopita tu, mwenyekiti wa soko alikitia kibanda chako kufuli lake. Nilimwamkia shikamoo, nikamwomba ufunguo kwa adabu. Akanijibu mbele za watu: "Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa magendo. Mambo hayo hayarithiwi." Kumbe kibanda alishamwahidi shemeji yake.

Hata kaburi lako halijakauka, Mama.

Neno lile nimelisikia tangu nikiwa shule, kila uliposhuka basini na mtumba wa leso kutoka Tanzania. Siku moja nilikuuliza maana yake huku nalia. Ulikuwa unakunja leso, wala hukuacha. Ukaniambia dereva mmoja wa lori, Mganda, alikueleza mpakani kwamba kwao kwenda ni kugenda, na labda magendo yametoka huko: mwendo, kwenda na kurudi. Wataalamu watasemaje, sijui. Lakini uliyoongeza ninayo: "Kwenda si haramu, mwanangu. Magendo ya leo ni kuficha mali, upite vichochoroni ukwepe ushuru. Mimi napita langoni, nalipa, jua linaniona. Wakikwambia tena, waulize nimeficha nini."

Basi nikauliza. Nilitandika mkeka mbele ya kibanda, nikazimwaga juani leso zote za biashara ulizoacha nyumbani, nikapaza sauti: "Bwana mwenyekiti, njoo unionyeshe ya magendo ni ipi!"

Akaja na askari wa soko. Sikubanduka, Mama. Kadzo, jirani yako wa mchicha, akabeba karai lake akaja kuketi ubavuni mwangu. "Huyu ukimwondoa, na mimi niondoe," akamwambia. Wakaja wa ndizi. Wakaja wa samaki, na visu vyao mikononi. Askari akainama, akageuza leso moja, akageuza nyingine, mwisho akachagua moja ya kumpelekea mkewe akaniuliza bei.

Soko zima likacheka. Mwenyekiti akautupa ufunguo mkekani.

"Ufunguo hupewa mtu mkononi," nikamwambia.

Akanitazama. Nikamtazama. Akainama, akauokota, akanipa.

Nilipofungua mlango ndipo nilipokulilia, kilio ambacho hata siku ya maziko hakikunitoka. Kadzo akasimama mlangoni, akawazuia wateja mpaka nilipomaliza.

Jumatatu naenda mpakani peke yangu, mara ya kwanza bila wewe. Naogopa, sikudanganyi. Lakini nitarudi mchana kweupe, mtumba kichwani, na nitapita mbele ya ofisi ya mwenyekiti kabla sijapita popote.

Pumzika, Mama. Mungu akupe nuru huko uliko. Maadamu nina pumzi, mlango wa kibanda chako hataufunga mtu mwingine.

Mwanao,
Riziki