Adapta ya Gramu Sabini

Alhamisi, 6 Machi

Mdogo wangu,

Jumanne tarehe 4 Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi, nilipoteza kipima nyaya cha marehemu Baba, pamoja na hisia za vidole viwili vya mkono wa kulia. Nimetanguliza hilo usije ukasoma salamu ukaiweka barua pembeni. Haya, hujambo? Wifi yangu na watoto wazima? Mama hajambo, ni magoti tu.

Betri za kipima kile hazitengenezwi tena, ndiyo maana nikakuomba wewe wa stoo ya vifaa unichagulie adapta. Nilikuandikia: volti tisa, miliampea mia mbili zinatosha, waya mwekundu pini ya katikati, na iwe imetengwa kabisa na umeme wa ukutani, maana boksi la kipima ni chuma tupu. Ukatuma hii, mgongoni stika: IMEPIMWA, na sahihi yako.

Nikachomeka. Mshale ukaruka upande usio wake, transista zikanuka. Nikashika boksi nichomoe, mkono mwingine umeshika jiliwa, lile koleo la chuma la mezani. Nilijikuta sakafuni. Fundi cherehani wa mlango wa pili anasema aliniita mara tatu.

Uliipimaje?

Dada yako


Jumanne, 11 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole sana. Umeenda hospitali? Huku wazima wote.

Lakini tuwe wakweli, Dada. Ulitaka volti tisa, nimekupa tisa. Barua yako ninayo hapa: "waya mwekundu pini ya katikati." Nyekundu ni chanya, kila mahali, basi nikalehemu chanya katikati. Kama ulitaka hasi ungeandika hasi. Adapta yako ilikuja na nyingine boksi moja. Kumi na mbili tumepeleka chuo cha ufundi na hakuna aliyelalamika. Usiniandikie kama vile nilikutegea.

Mdogo wako


Alhamisi, 13 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Kidole kimoja kimerudi. Cha pili nakishika kama cha mtu mwingine. Daktari kasema wiki sita.

La nyekundu nalikubali, nusu yake. Umesahau tulivyoimbishwa karakanani kwa Baba? "Hasi hatari, ipake nyekundu." Baba alipaka hasi nyekundu maisha yake yote, na mimi niliandika kama vile bado umekaa kwenye kile kigoda chako unamsikiliza. Wewe ulienda kusoma ukarudi na nyekundu ya watu wengine. Basi transista tumeziua wote wawili.

Ila nyekundu haikunitupa sakafuni. Nimeifungua adapta yako. Uzito gramu sabini, nyepesi mno kwa adapta ya maana, na hapo ningepaswa kushtuka mwenyewe kabla ya kuchomeka. Ndani, kati ya upande wa ukutani na upande wa kifaa, pengo ni milimita moja, nilitegemea sita. Juu ya pengo wamerukisha kapasita ya kawaida, siyo ile ya usalama, nayo imekufa ikawa daraja. Umeme wa ukutani ulikuja moja kwa moja kwenye chuma nilichoshika. Dakika mbili na mita ya kupimia zingekuonyesha.

Unasema chuo hawajalalamika. Wameshawasha?

Dada yako


Jumanne, 18 Machi

Dada,

Shikamoo. Pokea adapta nyingine. Hasi katikati, nyekundu ya Baba. Chuo wanafungua Jumatatu tarehe 24, usijitie wasiwasi. Msalimie Mama.

Mdogo wako


Jumatano, 19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama kasema mzigo wako unavunja mkono. Kweli: gramu mia sita na arobaini. Transfoma halisi, fyuzi ndani, volti tisa nukta moja, na kutoka ukutani hadi pini hakuna njia kabisa, nimepima mara tatu. Kwenye hasi umefunga uzi mwekundu. Nilikaa nayo mkononi kitambo. Cha kuchomeka sina tena, lakini ahsante.

Basi kuchagua unajua. Ndiyo inayoniuma. Barua mbili nimeligusia suala la kupima, mara mbili umenijibu mengine.

Leo asubuhi nilimpigia mkuu wa karakana ya chuo. Mtu mstaarabu. Kaniambia, "Mama, zote kumi na mbili zina stika ya IMEPIMWA na sahihi. Nikizitoa kwa neno la mtu wa simu, wanafunzi watafanyia nini mazoezi? Mwenye sahihi aseme, nitazitoa siku hiyo hiyo." Jumatatu saa mbili, meza kumi na mbili, wanafunzi wawili kila meza. Ishirini na wanne, mdogo wangu. Mikono arobaini na minane, na meza zao ni za chuma.

Najua unaiogopea kazi yako. Ulivyohangaika kuipata najua pia, nilikuwepo. Ukisema kweli wewe mwenyewe, pengine utaonywa. Nikisema mimi, nitakuwa nimekuja kwa basi, adapta iliyofunguliwa iko mkobani na kidole hiki kisichosikia kitu, na kwa mkuu huyo nitamtaja mtoto wa mama yangu. Usinifikishe huko.

Sitaki adapta nyingine wala pole. Zile kumi na mbili ulizipima, au ulibandika tu? Neno moja, kwangu na kwa mkuu wa karakana, kabla ya saa sita mchana, Ijumaa tarehe 21.

Dada yako