Dada Yangu na Kile Kiini

12 Februari

Mdogo wangu,

Hamjambo, wewe na wifi? Mimi mzima, ila macho mekundu kwa kukaa maabara.

Wenzangu wamekubali hesabu zangu! Kiini cha atomi, kidude kisichoonekana hata kwa darubini, kinapasuka vipande viwili, na kikipasuka kinatoa nguvu ambayo mimi mwenyewe niliyepiga hesabu nilishika kichwa. Hakuna aliyewahi kulithibitisha hilo. Nawaza taa kwenye kila nyumba. Hata cherehani yako itaendeshwa na nguvu hiyo, fundi, mguu upumzike.

Dada yako


30 Septemba

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima.

Vita vilivyoanza baada ya ugunduzi wako vina mwaka wa nne sasa, na barua zako zimekuwa fupi. Leo nampima mteja suruali, redio ikasema limeangushwa bomu moja, moja tu, na mji mzima haupo. Kisha ikakutaja wewe: "Kwa ugunduzi wake." Mteja akanipa mkono. "Hongera, dada yako ametumalizia vita!"

Mke wangu alikaa sakafuni pu. "Na watoto waliokuwa shuleni?" akauliza. Nikaizima redio.

Ulijua? Niambie hukujua.

Mdogo wako


11 Oktoba

Mdogo wangu,

Salamu zangu zipokee hivi hivi. Afya usiniulize.

Sikulitengeneza. Wakuu wa jeshi waliniita nilitengeneze vita vilipoanza, nikakataa. Habari nilizipata kantini, kijiko mkononi. Watu wakasimama kunipigia makofi, nami nikatapika mbele yao.

Juzi waziri alinivika nishani ukumbini, kwenye karamu. Niliivua nikaiweka kwenye sahani yake. "Mheshimiwa, mpelekee mtu wa ule mji, kama amebaki." Leo nimekuta mlango wa maabara una kufuli jipya.

Dada yako


6 Juni

Dada,

Shikamoo. U hali gani? Tangu ufukuzwe kazi, mwaka wa pili huu, hujajibu barua zangu. Naandika kwa kukosa pa kukimbilia.

Wifi yako ana saratani ya koo. Daktari anasema hospitali kuu wanaitibu kwa mionzi. "Mionzi ipi?" nikamuuliza. Akanishangaa. "Kwani hujui? Ile ya atomi. Mkuu wa kitengo hicho ni dada yako!"

Mke wangu hataki. Anasema ni kitu kile kile kilichofuta mji. Nimwambie nini?

Mdogo wako


10 Juni

Mdogo wangu,

Poleni sana, na mpe pole wifi.

Mwambie ni kweli, mionzi na bomu vimetoka tumbo moja. Usimfiche. Ndiyo maana kila mgonjwa nampimia mionzi mimi mwenyewe, simwachii mtu. Wa ule mji siwezi kumrudisha hata mmoja. Mlete.

Dada yako


2 Desemba

Dada,

Shikamoo. Hatujambo, na safari hii si salamu tu, hatujambo kweli.

Wifi yako amerudi na sauti ya chura, lakini ni sauti. Jana alimgombeza muuza maziwa mpaka majirani wakatoka nje. Mimi nilisimama mlangoni nikalia kama mtoto mchanga.

Leo daktari amepita dukani kwangu. Anasema mionzi imekuunguza vidole hadi mfupa, na huinuki kitandani tangu mwezi uliopita. Nimedondosha mkasi. Ulipokuwa ukimtibu ulivaa glovu muda wote, ukatuambia ni baridi!

Usijibu barua hii. Mke wangu ameshafunga mizigo, na ananifokea nachelewa nini. Tunakuja.

Mdogo wako